Saini Yangu Ilisema Uongo

Nilitia saini uongo. Katika daftari la urubani la mwanafunzi wangu niliandika kwamba amefanya zoezi la kupaa bila kuona nje, akitegemea vyombo peke yake, na kwamba amelimudu. Hakulifanya. Mimi ndiye niliyeamua tuliache, mimi ndiye niliyeshika kalamu, na baadaye, mambo yalipoharibika, mimi ndiye niliyenyamaza akabeba lawama peke yake. Naandika haya nikiwa nyumbani Otonglo, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, ambako ndege za uwanja wa Kisumu husikika kutwa. Nimestaafu. Sina cheo cha kulinda wala kazi ya kupoteza, na najua ungamo la mtu asiye na cha kupoteza lina thamani ndogo kuliko lile ambalo angelitoa siku ilipohitajika. Hata hivyo nalitoa.

Nianze na zoezi lenyewe, kwa ajili ya asiyeruka ndege.

Marubani wote huanza kwa kuruka kwa macho. Unautazama mstari ambapo mbingu inakutana na nchi, na huo ndio unaokuambia kama mabawa yamekaa sawa na kama pua imeinuka au imeinama. Ukiingia winguni au kwenye mvua nene, mstari unatoweka. Unabaki na vyombo vilivyo mbele yako, na muhimu kuliko vyote ni saa ya upeo: kioo cha mviringo chenye samawati juu na kahawia chini, na alama ndogo ya ndege katikati. Sasa, kutoona pekee kusingekuwa balaa. Balaa ni kwamba jicho likikosa kazi, sikio huichukua, na sikio ni shahidi mwongo. Ndani yake mna mifereji yenye majimaji inayohisi mwili ukigeuka, lakini ukigeuka polepole haihisi kitu, na ukigeuka kwa muda mrefu huzoea, ikakuambia kwamba umenyooka. Mna pia viungo vinavyohisi uzito, na hivyo haviwezi kutofautisha ndege inayoongeza kasi na ndege inayoinua pua. Rubani anayepaa bila kuona, injini ikisukuma kwa nguvu zake zote, huhisi pua inapanda kupita kiasi. Mkono wake unataka kuisukuma chini, na chini kuna ardhi.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakawazuia wasione nje wakiwa angani. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, hata dakika tatu hazikutimia. Na hao walikuwa juu, wana nafasi ya kukosea na mwalimu wa kuwaokoa kando yao. Aliye kwenye njia ya kurukia, magurudumu ndiyo kwanza yameachana na ardhi, hana dakika tatu wala hana nafasi ya kukosea.

Haya yote niliyajua. Niliyafundisha. Nilichora sikio ubaoni, nikasimulia safari ya Kenya Airways namba 507, ile Boeing 737-800 iliyopaa kutoka Douala, Kameruni, baada tu ya saa sita za usiku, tarehe 5 Mei 2007, dhoruba ikiwa karibu, ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache kutoka uwanjani. Ndani mlikuwa na watu 114 na hakuna aliyepona. Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilianza kulalia upande wa kulia polepole, nje kukiwa giza tupu. Nahodha akatangaza kwamba mtambo wa kujiendesha umewashwa, kumbe haukuwa umeshika. Na onyo lilipolia akageuza usukani kulekule ndege ilikokuwa ikilalia. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba sikio la nahodha mwenye maelfu ya saa angani halina tofauti na la kwao. Darasa lilikuwa likinyamaza kimya kila nilipofika hapo. Wengine walikuwa wamepoteza ndugu au jirani katika safari ile. Kisha tulitoka darasani, tukapanda ndege, nami nikawafundisha kana kwamba sikuwa nimesema neno.

Nilifundisha hivi. Asubuhi mapema pale uwanja wa Wilson, Nairobi, kabla hewa haijachafuka, tulipaa hadi eneo la mazoezi. Tukishatulia huko juu, mabawa sawa, kasi sawa, nilimwambia mwanafunzi, "Haya, vaa kofia." Ni kofia yenye ukingo mrefu unaoziba macho yasione nje, ukabaki unaona vyombo tu. Aliivaa, akajiweka vizuri kitini, akavuta pumzi, akaanza. Baada ya muda nilimwambia, "Vua." Alikuwa amefanya vizuri. Karibu wote hufanya vizuri namna hiyo, kwa sababu anayejua giza linakuja amekwisha kulipokea kabla halijafika. Nilikuwa nafundisha kutoona, lakini nilikuwa sifundishi kushtuka. Na kinachoua ni ule mshtuko, zile sekunde chache ambazo mtu anaendelea kukodolea macho kioo cha mbele akitafuta kitu ambacho hakipo tena.

Katika mtaala wa shule tuliyokuwamo, zoezi la kupaa kwa vyombo lilikuwa limeandikwa waziwazi. Mwanafunzi hupanga ndege katikati ya njia, mwalimu humziba macho, naye huongeza nguvu ya injini na kushika mwelekeo kwa dira mpaka ndege inapaa, mwalimu akiwa anaona nje na mikono yake ikiwa tayari. Ni zoezi la muda mfupi, ila linataka njia ndefu na pana, siku tulivu, na mwalimu asiyechoka. Wilson ni uwanja wenye msongamano. Unaweza kusubiri zamu ya kupaa injini ikinguruma, na kila dakika ya kungoja inalipiwa. Mama wa yule kijana niliyemtilia saini ya uongo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa kwenye sacco amsomeshe mwanawe. Kijana alikuwa akinionyesha risiti. Siku ya mtihani wake wa kuruka ilikuwa imekaribia, na zoezi lile lilikuwa bado. Nikajiambia namhurumia mama wa watu. Nikajiambia kijana ana mkono mzuri, atalipata mbele ya safari, kazini, kwenye ndege kubwa zenye walimu wakubwa. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikaandika muda, nikatia saini. Alikuwa ameketi mbele yangu. Hakuuliza, na ningeshangaa kama angeuliza, kwa sababu tangu siku ya kwanza nilikuwa nimemfundisha kwamba neno la mwalimu ndani ya ndege ni la mwisho.

Huruma ile haikuwa huruma. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa zoezi lenyewe. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Mwanafunzi aliyezibwa macho mita chache juu ya lami anaweza kufanya jambo la ghafla ambalo hata mwalimu hawezi kuliwahi, na kadiri umri ulivyosogea ndivyo nilivyozidi kuliepuka. Fedha za mama yake nilizitumia kufunika woga wangu.

Hali ya hewa ya ziwa hili naijua tangu utoto, na ndiyo maana sina hata kisingizio cha ugeni. Ziwa Victoria lina uso ulioinuka mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na lina tabia zake za usiku na za mchana. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, ukakutana katikati na kuinuka, na hapo huzaliwa dhoruba zinazowakumba wavuvi alfajiri. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kuingia bara, mawingu yakajazana juu ya milima ya Nandi na Kericho, na jioni inapokaribia dhoruba huteremka kutoka mashariki kuja Kisumu na ghuba ya Winam. Hapa Otonglo wanaoanika omena au nguo hawangoji tone la kwanza. Wakihisi upepo wa baridi umegeuka ghafla, wanakusanya. Upepo huo ndio unaotangulia mvua, na mahali penye udongo mkavu huja na ukuta wa vumbi mbele yake. Rubani anayeutazama kwa mbali huona mstari mzuri wa kahawia chini ya wingu jeusi na kudhani bado ana nafasi.

Si mvua tu inayolinyima jicho kazi huku kwetu. Kampuni ya Imperial Airways ilipoanza safari zake za Afrika mwaka 1931, Kisumu ilikuwa kituo chake, na ndege zenye matumbo ya boti zilitua kwenye ghuba. Siku ambayo maji yametulia kabisa, uso wa ziwa huwa kioo, na rubani hawezi kukadiria ameukaribia kiasi gani, hata kukiwa na jua kali. Walio na busara hawabahatishi: wanaiweka ndege katika mwendo wa kushuka polepole, wanaushikilia kwa vyombo, na kungoja maji yaguse. Watu wale walijua kwamba unaweza kuona mbali na bado usione kile unachokihitaji. Nimeisimulia historia hiyo kwa fahari mara nyingi kwa sababu ni ya nyumbani, wala sikuitumia kujirekebisha.

Kijana alifaulu mtihani, akapata leseni, akapata kazi kwenye kampuni ndogo. Alasiri moja alikuwa peke yake ndani ya ndege ya injini moja, akiirudisha Nairobi tupu kutoka kiwanja kidogo cha murram ng'ambo ya ghuba. Hapakuwa na mnara wala mtu wa kumwambia hali ya hewa zaidi ya macho yake. Wingu lilikuwa limesimama mashariki. Akaona atawahi. Hilo lilikuwa kosa lake, naye amelikiri. Rubani asiyewahi kulifanya kosa hilo ni yule ambaye hajaruka sana. Lakini kosa la kuondoka ni moja, na kilichofuata ni kingine, na hicho kingine ni changu.

Ndege ilikuwa imeshika kasi ya kupaa, kama mita 28 kila sekunde, pua inaanza kunyanyuka, ukuta wa vumbi ulipomfikia, na mvua nyuma yake. Aliniambia baadaye, "Mwalimu, nje palikuwa pekundu, kisha peupe, kisha hapakuwa na kitu." Macho yake yakabaki nje. Kwa sekunde tatu za namna hiyo ndege imekwenda zaidi ya mita 80, juu ya kiwanja kisicho kipana kuliko barabara kuu. Akahisi pua inapanda mno, akaisukuma. Gurudumu la mbele likapiga chini, ndege ikaruka tena, akakata nguvu ya injini, ikashuka kwa upande, ikatoka kwenye murram, ikapasua ua na kuishia ndani ya mahindi. Gurudumu lilivunjika, pangaboi likapinda, yeye akapasuka kipaji cha uso. Ukingoni mwa kiwanja kile watoto huchunga mbuzi. Siku hiyo mvua ilikuwa imekwisha kuwakimbiza nyumbani.

Waajiri wake walichunguza. Walinipigia simu kama mwalimu aliyemtilia saini, wakaniuliza kwa adabu kama zoezi la kupaa kwa vyombo lilifanyika. Nilijibu, "Daftari linajieleza." Ni sentensi fupi niliyokuwa nimeiandaa kabla simu haijalia. Sikusema ndiyo, na kwa muda mrefu nilijifariji kwamba sikusema uongo. Wakahitimisha kwamba kijana alifundishwa na akashindwa kutumia alichofundishwa. Akaachishwa kazi.

Alinitafuta hapa Otonglo baada ya mimi kustaafu. Alishuka matatu pale sokoni, akaulizia, akaelekezwa. Nilimkaribisha kwa mashaka nikitegemea ugomvi, na niseme wazi kwamba ugomvi ungekuwa haki yake. Alikunywa chai. Akaniuliza habari za nyumbani, akanipa pole ya msiba tuliokuwa tumeupata. Ndipo akasema, "Mwalimu, nina swali moja, usiniudhikie. Lile zoezi la kupaa ukiwa umezibwa macho, nimejaribu kulikumbuka nikashindwa. Daftari linasema tulilifanya. Nimekuwa nikijiuliza kama kichwa changu kina hitilafu, kwa sababu kama jambo kubwa hivyo linaweza kunitoka kabisa, basi labda kweli sifai kurusha watu."

Nilikuwa nimefikiri nilichomwibia ni zoezi na kazi. Kumbe nilikuwa nimemwibia pia imani katika akili yake mwenyewe. Aliamini saini yangu kuliko kumbukumbu yake.

Nikamwambia, "Hatukulifanya. Kichwa chako ni kizima. Mimi niliandika uongo." Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama niko tayari kuliandika hilo kwa mkono wangu. Nimeliandika, kwa waliokuwa waajiri wake na kwa wanaosimamia leseni, na ninaliandika hapa ili lisibaki ndani ya majalada.

Sasa niseme ninavyoamini kazi hii ifanywe, maana toba isiyomnufaisha aliye kwenye usukani leo ni maneno tu. Kutoona kwa ghafla kwenye njia ya kurukia kufundishwe ghafla. Mwanafunzi asiambiwe ni lini. Kwenye mashine za kuigiza urubani jambo hili ni rahisi: mwalimu anabonyeza tu, na ukungu au mvua inajaa mbele ya kioo ndege ikiwa mbioni, na marubani wa ndege kubwa hupimwa hivyo tena na tena, pamoja na kuharibika kwa injini. Shule nyingi ndogo sasa zinaweza kupata mashine za kawaida za aina hiyo, na saa moja ndani yake ni nafuu kuliko saa moja ya ndege. Pasipo na mashine, kipande cha kadibodi mkononi mwa mwalimu, kwenye njia ndefu na kwa ruhusa ya mnara, kinatosha. Na mwalimu anayeogopa zoezi hilo, kama nilivyoogopa mimi, amwachie mwenzake alifundishe. Hiyo si aibu.

Lakini hata kabla ya mashine na kadibodi, uamuzi ufanywe ndege ikiwa bado imesimama. Rubani aseme kwa sauti, kila safari, hata akiwa peke yake, hata jua likiwaka: kabla ya alama fulani kwenye njia, nikipoteza kuona, nakata nguvu, nashika mwelekeo kwa dira, nafunga breki taratibu. Nikiwa nimekwisha kupaa, macho ndani, mabawa sawa kwenye saa ya upeo, pua mahali pake pa kupandia, nguvu yote, na sigeuki popote mpaka nimepata urefu wa kutosha. Wakati wa kutua, nikipoteza njia kabla ya kugusa, naondoka tena. Nikiwa nimekwisha kugusa na kasi imeisha, nabaki chini na kunyoosha. Haya hayachukui hata nusu dakika kuyatamka. Mtu aliyeyatamka hana haja ya kufikiri vumbi linapomfikia; mkono unatimiza kilichoamuliwa na kichwa kilichotulia. Kijana wangu hakuwa na neno hata moja la kutimiza, kwa sababu sikumpa.

Ng'ambo ya ziwa hili hili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliingia majini karibu kabisa na uwanja. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Wavuvi ndio waliofika wa kwanza kuokoa. Sisemi ajali ile ilitokana na kosa kama langu. Naitaja kwa sababu viwanja vingi vya ukanda huu vimekaa ufukweni, vinaguswa na dhoruba zilezile, na vinatumiwa na vijana waliofundishwa na watu kama mimi. Asubuhi ile nikisikiliza redio hapa Otonglo, sikuwaza juu ya marubani wale. Niliwaza juu ya madaftari yaliyo na jina langu.

Kwa maana kijana yule hakuwa wa pekee. Kuna wengine ambao nililiandika zoezi hilo upesiupesi, na kuna ambao sina hakika kama tulilifanya kama lilivyopaswa kufanywa. Majina ninayoyakumbuka nimeanza kuyatafuta. Wengine wako Wilson, wengine Mombasa, wengine wamekwenda Sudan Kusini, Kongo na nchi za Ghuba kutafuta riziki.

Kwa hiyo nawaomba. Kama una daftari lenye saini yangu kwenye mstari wa kupaa kwa vyombo, na ukijaribu kulikumbuka zoezi lenyewe hulioni, usijilaumu wala usidhani umesahau. Nenda kwa mwalimu mwingine, lifanye upya kabla hujarusha mtu mwingine, nami nitalipa saa hiyo. Na wewe unayefundisha leo, uliye na daftari wazi mbele yako na kalamu mkononi: kama hamjalifanya, acha mstari huo wazi.